Kizuri Chajiuza: Willis Conover na Saa ya Jazi

Historia ya redio imezoea kuandikwa kama historia ya mitambo au kama historia ya serikali. Katika ile ya kwanza twasoma habari za milingoti, mawimbi na nguvu za umeme. Katika ile ya pili twasoma habari za mawaziri, sheria na vita vya maneno baina ya mataifa. Mtu akaaye mbele ya kipaza sauti hana mahali pake katika historia hizo mbili. Hutajwa jina, pengine husifiwa sauti, kisha hupitwa. Walakini msikilizaji aliye mbali hamjui fundi wala waziri. Amjuaye ni mtu yule mmoja anayemwambia usiku kwamba sasa atasikia wimbo fulani, uliopigwa na fulani, mwaka fulani. Kwa hiyo yafaa mara moja moja tuianze historia pale anapoianzia msikilizaji mwenyewe, yaani kwenye sauti.

Sauti nitakayoieleza hapa ilikuwa ya Willis Conover, Mmarekani aliyezaliwa katika mji wa Buffalo, jimbo la New York, tarehe 18 Desemba 1920, akafariki tarehe 17 Mei 1996. Kwa muda wa miaka zaidi ya arobaini aliendesha kipindi cha muziki wa jazi katika Sauti ya Amerika, redio ya serikali ya Marekani iliyoanzishwa mwaka 1942 ili isemezane na watu wa nchi za nje. Katika miji mingi ya Ulaya ya Mashariki jina lake lilikuwa maarufu kama jina la jamaa. Nchini mwake hakujulikana ila na wachache. Mtu huyu alitumia chombo cha serikali katika wakati wa uhasama mkubwa baina ya mataifa, wakati ambapo kila neno lililorushwa hewani lilipimwa kwa faida yake ya kivita. Swali ninalotaka kuliuliza ni hili: je, yawezekana mtu kukitumikia chombo kama hicho na bado asiwe mwongo? Jibu langu ni kwamba Conover aliweza, na kwamba siri yake, kama kweli ni siri, imo katika methali yetu ya siku zote: kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.

Kabla ya kuendelea, ni lazima tuelewane juu ya neno lenyewe. Msomaji wa Afrika Mashariki akisikia neno jazi, huenda akakumbuka Dar es Salaam Jazz, Morogoro Jazz, Kilwa Jazz, Western Jazz, au NUTA Jazz iliyoundwa mwaka 1964. Na akivuka ziwa kwa mawazo atakumbuka O.K. Jazz, iliyozaliwa Léopoldville, yaani Kinshasa ya sasa, mwaka 1956. Muziki wa bendi hizo ni dansi, mtoto wa rumba ya Kuba na wa ngoma za kwetu. Neno jazi walilichukua kwa fahari, liwe alama ya mji na ya ujana. Jazi ya Conover ni nyingine, ingawa si ya ukoo wa mbali. Ni muziki uliotokana na Wamarekani weusi, wana na wajukuu wa watumwa, hasa katika mji wa New Orleans, pale karne ya 19 ilipokuwa ikiipisha karne ya 20.

Jinsi unavyopigwa muziki huo yafahamika upesi kwa mtu aliyelelewa na mashairi ya Kiswahili. Malenga wawili wanapojibizana, mizani na vina vimekwisha kukubaliwa kabla ya ubeti wa kwanza. Hakuna awezaye kuvivunja bila ya kuchekwa. Lakini ndani ya mipaka hiyo kila mmoja yu huru, na sifa yake yote imo katika yale anayoyabuni papo hapo. Wapigaji wa jazi hufanya vivyo hivyo. Hukubaliana juu ya wimbo, mwendo wake na mpangilio wa sauti zake, kisha kila mmoja hupewa zamu ya kusimama na kusema lake kwa tarumbeta, saksafoni au piano, na wenziwe wakimtegemeza. Conover mwenyewe alipenda kueleza jazi kwa mfano wa namna hii. Alisema kuwa inafanana na jamii yenye katiba: sheria hukubaliwa mwanzoni, na baada ya hapo kila mtu yu huru kwa kadiri asivyozivunja. Mfano huu tutaurudia, maana ndani yake mna ukweli na mna mtego.

Conover alianza kazi ya redio angali kijana, katika stesheni ndogo ya mji wa Cumberland, jimbo la Maryland. Baba yake alikuwa mwanajeshi, na utoto wake ulikuwa wa kuhamahama. Alikuwa na mapenzi ya kusoma na kuandika barua: alipokuwa na umri wa miaka kumi na mitano au kumi na sita aliandikiana na H. P. Lovecraft, mtungaji wa hadithi za kutisha, na barua zile alizihifadhi hata zikaingia katika kitabu mwaka 1975. Nalitaja jambo hili dogo kwa kuwa laonyesha tabia yake: kijana asiyeona tabu kumsogelea bwana wa fani kwa heshima, na kutunza kila alichopewa. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia alifanya kazi katika redio za Washington, akawa pia mwandalizi wa maonyesho ya muziki. Mji ule mkuu wa taifa ulikuwa bado na ubaguzi. Weusi hawakuruhusiwa kuingia katika kumbi nyingi za starehe, hata usiku ambao wapigaji wenyewe walikuwa weusi. Conover alishikilia kwamba katika maonyesho yake watu wote wakae pamoja. Tendo hilo lilitangulia umaarufu wake. Hakulifanya kwa kutazamwa na ulimwengu.

Mwaka 1954 Sauti ya Amerika ilikuwa ikitafuta mtu wa kuendesha kipindi cha jazi. Fikira hiyo inanasibishwa na Charles Bohlen, balozi wa Marekani huko Moscow, aliyekuwa ameona jinsi vijana wa Kisovieti walivyoupenda muziki huo. Baadhi ya wanasiasa wa Washington hawakupendezwa. Waliona kuwa ni upotevu kutumia kodi za wananchi kwa muziki wa vilabuni. Hata hivyo kipindi kilianza mwezi wa Januari 1955, kwa jina la Music USA, na mwongozaji wake akawa Conover.

Mpango wa kipindi ulikuwa mwepesi. Sehemu ya kwanza ilikuwa ya nyimbo za kupendeza watu wote. Sehemu ya pili ilikuwa ya jazi peke yake. Kila saa ilitanguliwa na taarifa ya habari. Alama ya kipindi ilikuwa ni wimbo wa bendi ya Duke Ellington uitwao Take the "A" Train, uliotungwa na Billy Strayhorn. Msomaji azingatie hapo kidogo. Wimbo huo unahusu treni ya chini ya ardhi iendayo Harlem, mtaa wa watu weusi wa New York, na mtungaji wake alikuwa mtu mweusi. Basi usiku baada ya usiku, sauti ya kwanza iliyobisha hodi kwa niaba ya dola kubwa la Marekani ilikuwa ni kazi ya raia ambaye katika majimbo mengi ya dola hilo asingeweza kuketi hotelini karibu na mzungu.

Baada ya wimbo huo ndipo iliposikika sauti ya mtangazaji: nzito, tulivu, isiyo na haraka. Conover alisema polepole kwa makusudi. Alijua kwamba wengi wa wasikilizaji wake hawakuzaliwa na Kiingereza, na kwamba mawimbi mafupi hayana uaminifu: sauti hupanda, hushuka, hufifia, hurudi na mvumo. Kwa hiyo aliyachagua maneno ya kawaida, akayatamka kwa ukamilifu, akaacha nafasi baina ya sentensi na sentensi. Alitaja jina la wimbo, majina ya wapigaji na vyombo vyao; kisha alinyamaza. Muziki ulipokuwa ukipigwa hakuuingilia kwa mizaha. Ulipokwisha, alirudia majina yale yale, maana alijua kuwa mahali fulani palikuwa na mtu mwenye kalamu mkononi ambaye wimbi lilimponyoka mara ya kwanza.

Hii ndiyo sehemu ya kazi ya mtangazaji ambayo watu huidharau, kwa kuwa yaonekana kama si kazi. Kumbe kutaja majina sawasawa, kwa mpango, miaka arobaini, ni elimu nzima. Huko Urusi, Poland na Chekoslovakia hapakuwa na vitabu vya jazi madukani, wala hapakuwa na shule yake, na santuri zilikuwa adimu. Mtu aliyekisikiliza kipindi kile kwa miaka mitatu au minne alipata historia kamili: nani alimfundisha nani, nani alitoka bendi ipi akaenda ipi, nini kiligeuka baina ya Louis Armstrong na Charlie Parker. Tena alipata mahojiano, maana Conover aliwaleta mabingwa wenyewe mbele ya kipaza sauti: Ellington, Armstrong, Art Tatum, Billie Holiday na wengineo, wakasema kwa vinywa vyao. Yeye aliuliza kwa ufupi, akaacha mgeni aseme. Wako waliojifunza kwake muziki, na wako waliojifunza kwake hata Kiingereza chenyewe.

Ili kuipima thamani ya elimu hiyo, yatupasa tukumbuke hali ya wasikilizaji. Katika Urusi ya Kisovieti, miaka ya mwisho ya Stalin, jazi ilihesabiwa kuwa uozo wa kibepari. Mwaka 1949 wapigaji wa saksafoni wa Moscow waliamriwa wapeleke vyombo vyao kwa wakubwa. Kwa kukosa santuri, watu walibuni ufundi wa ajabu: walitafuta kutoka hospitalini picha za eksirei zilizokwisha kazi, wakazikata duara, wakachora juu yake mifuo ya sauti, wakauziana kwa siri. Muziki uliokatazwa ukazunguka juu ya picha za mbavu na mifupa ya wagonjwa. Kifo cha Stalin mwaka 1953 kilileta nafuu, lakini redio za kigeni ziliendelea kuzibwa kwa makelele. Hata hivyo waliozibwa zaidi walikuwa ni wasemaji wa Kirusi na wa lugha nyingine za nchi zile. Vipindi vya Kiingereza aghalabu viliachwa. Kipindi cha Conover kilipita katika mwanya huo. Walinzi walikuwa wakichunga maneno, na muziki ukapita mlangoni mbele ya macho yao.

Matokeo yake hayakujulikana mara moja. Barua zilifika Washington, lakini barua si hesabu. Mwaka 1959 Conover alikwenda Poland kwa mara ya kwanza. Ndege ilipotua Warsaw aliona umati wa watu wenye kamera, vinasa sauti na maua, pamoja na bendi iliyokuwa ikipiga. Alidhani kwamba katika ndege ile mlikuwa na mkubwa fulani, akangoja apite. Mkubwa alikuwa yeye. Watu wale hawakupata kuuona uso wake; walimfahamu kwa sauti tu, wakatoka kumlaki kama watokavyo watu kumlaki mwalimu wao. Mwaka 1967 alikuwapo Tallinn, mji mkuu wa Estonia, wakati Charles Lloyd na wenzake, miongoni mwao Keith Jarrett na Jack DeJohnette, walipopiga katika tamasha la jazi la nchi iliyokuwa chini ya utawala wa Kisovieti. Baada ya kumsikia kwa miaka kumi na miwili, wasikilizaji wa mji ule walimwona kwa macho.

Ushahidi ulio bora kuliko umati ni wanafunzi. Adam Makowicz wa Poland, aliyezaliwa mwaka 1940, alikuwa akisomeshwa piano kwa utaratibu wa muziki wa kale wa Ulaya. Alipoisikia jazi redioni aliyaacha masomo yale na nyumba ya wazazi, akaifuata, hata akawa mmoja wa wapigaji wakubwa wa piano wa zama zake. Valery Ponomarev wa Moscow alijifunza tarumbeta kwa kusikiliza sauti za mbali. Aliondoka nchini mwake mwaka 1973, na mwaka 1977 akaingia katika bendi ya Art Blakey, aliyekuwa bwana wa fani hiyo. Arturo Sandoval wa Kuba amesimulia mwenyewe jinsi alivyofungwa zaidi ya miezi mitatu, alipokuwa jeshini, kwa kosa la kusikiliza saa ya jazi ya Sauti ya Amerika. Kama kipindi kingekuwa burudani tupu, hakuna aliyejisumbua kumfunga mtu kwa ajili yake.

Hapa ndipo panapotubidi kuukabili ule mtego niliouahidi. Serikali ya Marekani haikulipia kipindi hiki kwa mapenzi ya muziki. Ilitaka watu wa nchi zile wafikiri kwamba taifa linalotoa muziki ulio huru hivyo lazima liwe ni taifa huru. Kwa nia hiyo hiyo iliwatuma wapigaji ng'ambo: Dizzy Gillespie mwaka 1956 alipelekwa Mashariki ya Kati na nchi za Balkani, na Louis Armstrong mwaka 1960 alizunguka Afrika, akafika hata Léopoldville katika siku za machafuko ya Kongo. Ule mfano wa katiba, sheria zilizokubaliwa na uhuru ndani yake, waweza kusikika kama shairi la kuisifu dola.

Lakini tazama mambo yaliyowapata wenye muziki wao katika miaka hiyo hiyo. Tarehe 10 Aprili 1956 Nat King Cole alishambuliwa na wazungu jukwaani, mbele ya wasikilizaji wake, katika mji wa Birmingham, jimbo la Alabama. Mwezi wa Septemba 1957 watoto weusi wa Little Rock walizuiwa kwa bunduki wasiingie shule, na Louis Armstrong, aliyekuwa akitazamiwa kwenda Urusi kwa niaba ya serikali, alikataa kwenda kuipamba nchi iliyowatenda watu wake hivyo. Mwezi wa Julai 1959 Billie Holiday alikufa hospitalini New York akiwa chini ya ulinzi wa polisi. Mwezi uliofuata Miles Davis, ambaye santuri yake Kind of Blue ilikuwa imetoka siku chache tu kabla, alipigwa na polisi hata damu ikamtoka kichwani, nje ya ukumbi aliokuwa akifanyia kazi, kwa sababu alikataa kuondoka pale alipokuwa amesimama. Ulimwengu uliambiwa usikie uhuru katika pumzi za watu ambao kwao uhuru ulikuwa bado unadaiwa.

Je, Conover alikuwa mshiriki katika udanganyifu huo? Tena yeye alikuwa mzungu, na aliwatangazia walimwengu kazi za watu weusi. Msomaji mkali ana haki ya kuuliza hivyo, na jibu halipatikani katika nia ya mtu, maana nia haionekani. Hupatikana katika namna alivyoifanya kazi yake. Jambo la kwanza ni kwamba Conover hakuwa mtumishi wa kudumu wa Sauti ya Amerika. Alifanya kazi kwa mkataba, akilipwa kwa vipindi. Kwa hali hiyo alikosa usalama na marupurupu wanayopata watumishi wa serikali, lakini alipata kitu alichokithamini zaidi: uchaguzi wa muziki ulikuwa mikononi mwake. Santuri nyingi zilikuwa zake mwenyewe, alizozikusanya kwa miaka. Hakuna ofisa aliyemwandikia orodha. Aliyekuwa akitafuta jazi bora alimpata mtu aliyekuwa akichagua jazi bora, na sababu nyingine haikuwapo.

Jambo la pili ni kwamba katika kipindi chake hakuhubiri. Hakuwaambia Warusi kuwa serikali yao ni mbaya, wala hakuwaambia kuwa ya kwao Wamarekani ni njema. Wako watakaosema kwamba ukimya huo ulikuwa hila iliyo kubwa kuliko hotuba. Mimi nauona kwa namna nyingine. Mtu angesema kwamba muziki huu unathibitisha uhuru wa Marekani, angesema uongo, kwa sababu za Birmingham na Little Rock. Angesema kwamba muziki huu ni wa Marekani tu kama vile mashine na magari, angewanyang'anya walioutunga. Alipotaja jina la mpigaji, chombo chake na mwaka wake, kisha akanyamaza, alisema jambo moja ambalo halikuwa na uongo ndani yake: kwamba fulani, mtu huyu mwenye jina hili, alifanya kitu hiki. Aliyesikiliza aliachiwa aamue mwenyewe kinaonyesha nini. Na wengi waliamua kwa busara. Walifahamu kuwa wanamsikia mtu aliyeonewa akisema kwa ukamilifu wa utu wake, na kwa kuwa wao pia walikuwa wakionewa, ingawa na watawala wengine, walijua maana yake bila ya kufasiriwa.

Hii ndiyo tofauti ya kujiuza na kujitembeza. Kibaya kinahitaji msemaji wa kukitembeza mitaani. Kizuri kinahitaji mtu wa kukiweka mahali penye mwanga na kusogea kando. Kusogea kando ni kazi ngumu kwa mtangazaji, kwa sababu mali yake ni sauti yake, na kila siku hushawishika kuitumia kupita kiasi.

Lipo jambo lingine katika historia hii lenye uchungu wake. Sheria iitwayo kwa majina ya Smith na Mundt, ya mwaka 1948, ilizuia maneno yaliyotengenezwa na serikali kwa ajili ya mataifa ya nje yasitangazwe ndani ya Marekani. Shabaha yake ilikuwa njema: serikali isiwe na redio ya kuwalaghai raia wake. Lakini kwa sheria hiyo mtu aliyesikilizwa usiku katika nyumba za Warsaw, Leningrad na Havana hakuweza kusikilizwa Buffalo alikozaliwa. Watangazaji wadogo waliopiga kelele katika redio za mitaani walijulikana kuliko yeye. Sheria ilipolegezwa, mabadiliko yakaanza kutumika mwaka 2013, Conover alikuwa amekwisha kufa miaka kumi na saba. Idadi ya wasikilizaji wake ilikadiriwa kuwa mamilioni mengi, wengine wakisema thelathini, wengine mia. Kadirio lolote tulichukualo, ndani yake hawakuhesabiwa watu wa nchi yake.

Haimaanishi kwamba hakuheshimiwa kabisa. Alikuwa akiwatangaza wapigaji jukwaani katika tamasha la Newport, na tarehe 29 Aprili 1969 alishiriki katika kuandaa muziki wa karamu iliyofanywa Ikulu ya Washington kwa siku ya kuzaliwa ya Duke Ellington, aliyetimiza miaka sabini. Usiku ule Rais Nixon alimvika Ellington Nishani ya Uhuru, iliyo kubwa kuliko zote apewazo raia. Baba yake Ellington aliwahi kufanya kazi ya uandazi katika jumba hilo hilo. Mtoto wa mtumishi aliingia kwa mlango wa wageni, na meza ikaandaliwa kwa ajili yake. Na mwaka 1993 Bunge la Wawakilishi lilimsifu Conover kwa kazi yake. Miaka mitatu baadaye maradhi ya mapafu yalimchukua.

Ni nini kilichobaki? Kanda zake na karatasi zake zimehifadhiwa katika Chuo Kikuu cha North Texas, na sehemu ya kanda hizo zimetiwa katika mitambo ya kisasa, hata mwanafunzi wa leo aweza kumsikia. Chombo alichokitumia hakikuwa na bahati hiyo. Mwezi wa Machi 2025 ilitoka amri ya Rais wa Marekani ya kuipunguza idara iliyoisimamia Sauti ya Amerika hadi kiwango cha chini kabisa kinachoruhusiwa na sheria, na karibu watumishi wake wote wakapewa likizo ya lazima. Serikali iliyokiunda chombo ilikuwa na uwezo wa kukizima. Lakini muziki uliokwisha kuingia katika vidole vya wapigaji wa Warsaw, Moscow na Havana hauzimwi kwa amri, maana umekwisha kuwa wao, na wao wamekwisha kuwafundisha wengine.

Siku hizi kazi aliyoifanya Conover imewaangukia watu wengi. Kijana mwenye simu na kipaza sauti kidogo huweza kutengeneza podikasti chumbani kwake, na sauti yake ikafika mbali kuliko mawimbi mafupi, bila ya mlingoti wala waziri. Hana mtu wa kumziba kwa makelele, na kwa hiyo makelele huweza kuyafanya mwenyewe. Kwetu Afrika Mashariki zimo kanda za dansi, za taarabu na za ngoma ambazo zinangoja mtu wa kuzitangaza kwa ulimwengu, na hata kwa wajukuu wa waliozipiga. Atakayeifanya kazi hiyo hatakosa watu wa kumshauri aseme zaidi: aisifu nchi, asifu wakubwa, ajisifu mwenyewe. Ningependa akumbuke yule Mmarekani wa Buffalo, aliyewaheshimu wasikilizaji wake kiasi cha kuwataka waamue wenyewe, na akawaheshimu wapigaji kiasi cha kutamka majina yao mara mbili.